Kidole cha Anjum

Katika mtaa wa mafundi nyuma ya Chowk, mjini Lucknow, hakuna aliyehitaji kuuliza kwa nini Anjum, mtoto wa Naki Khan, hapigi sitar, ala ya nyuzi ya ukoo wao. Alipokuwa na miaka kumi na mitatu alipanda paani kukimbiza tiara, akaanguka, akavunjika kidole cha kati cha mkono wa kushoto, na kidole kikaunga vibaya. Muuza maziwa alijua hivyo. Mwalimu wa madrasa alijua hivyo, na habari hiyo akaitumia kuwatishia watoto wengine. Kudsia, mama mzazi wa Anjum, alijua hivyo kwa miaka thelathini na minane. Ni watu wawili tu waliojua kwamba siku ile Anjum hakukanyaga paa.

Ilikuwa Januari ya mwaka 1961. Naki Khan alikuwa na miaka thelathini na mitano, na hakuwa amefika popote. Baba yake na babu yake walipiga sitar mbele ya manawabu, watawala wa zamani wa mji, lakini manawabu wenyewe walikwisha, majumba yao yakawa ofisi na maghala, na yeye akabaki kuwafundisha mabinti wa mawakili nyimbo mbili tatu za kuwapigia wakwe watarajiwa. Mara mbili alikwenda redioni kujaribiwa, mara mbili wakamrudisha. Mkono wako ni safi, Khan Saheb, walimwambia, ila ni mkavu. Neno hilo lilimkwama kooni. Alirudi nalo nyumbani, akala nalo, akalala nalo.

Tumaini lake lilikuwa Anjum. Mtoto alikuwa mwembamba, mcheshi, mwenye vidonda vya uzi wa tiara kwenye vidole kama watoto wote wa mji ule, lakini akishika sitar alitulia mpaka ukasahau kuwa ni mtoto. Mwezi ule walikuwa wamealikwa, baba na mwana, kupiga kwenye harusi ya tajiri mmoja wa Kaiserbagh, na miongoni mwa wageni wangekuwepo wakubwa wa redioni. Basi tangu alfajiri walikuwa wamekaa kwenye mkeka, ukungu umeziba dirisha, wanarudia raga moja, mtindo wa sauti wa tangu kale.

“Tena,” Naki alisema.

Anjum akavuta uzi kutoka sauti ya tatu kwenda ya tano. Katika nyumba yao, tangu enzi za babu, mvuto ule ulikwenda moja kwa moja, bila kugeuka nyuma. Kwa Anjum uzi ulipanda polepole, ukafika karibu kabisa na sauti ya tano, ukasita chini yake, ukarudi kidogo kama mtu aliyefika kwenye mlango wa kwao akaogopa kubisha, ndipo ukaingia.

Naki alisisimka mwili mzima.

“Nani kakufundisha hiyo?”

“Hakuna, Abba. Imekuja tu.”

“Imekuja? Imeshuka na treni ya Kanpur? Piga nilivyokufundisha.”

Anjum akapiga alivyofundishwa, mara ya kwanza na mara ya pili. Mara ya tatu mkono wake ukajiendea wenyewe. Uzi ukasita, ukarudi, ukaingia, na mtoto akatabasamu. Hakutabasamu kwa dharau. Ilikuwa tamu tu, naye alikuwa mtoto.

Kisanduku cha tambuu kilikuwa karibu na goti la Naki, kisanduku cha shaba, kizito, cha marehemu baba yake. Alikiokota na kukishusha juu ya vidole vilivyokuwa bado vimebana uzi. Kulitoka mlio mdogo, kama wa kijiti kikavu. Nyuzi nyembamba za chini, zile zisizoguswa na kidole, zikaendelea kuvuma zenyewe kwa muda mrefu.

Anjum hakulia. Alikitazama kidole, kisha akamtazama baba yake, na macho yake yalikuwa yanauliza tu. Naki alifungua mdomo, na hapo wakasikia hatua za Kudsia kwenye ngazi, amerudi kwa jirani na kapu la unga.

“Nimeanguka, Ammi,” mtoto alisema kabla mama hajaweka kapu chini. “Nilipanda paani mara moja. Nilikuwa nafuata tiara.”

“Tiara! Na harusi ni wiki ijayo!” Kudsia alimshika sikio, akauona mkono, akapiga kelele, akamwachia. “Baba Anjum, ulikuwa wapi wewe, mtoto anapanda paa na umande huu?”

Naki alisema, “Nilikuwa hapa.”

Hilo ndilo neno pekee alilosema. Siku ile fundi wa mifupa alikifunga kidole kwa vijiti na kitambaa. Jioni yake Kudsia, kwa hasira na kwa uchungu, alikusanya tiara zote za mwanawe, za karatasi nyekundu na za kijani, pamoja na kigurudumu cha uzi, akazitia jikoni kwenye moto. Anjum alisimama mlangoni na mkono wake uliofungwa, akaangalia zinavyoungua. Naki alikuwa amekaa barazani. Moshi ulimfikia, akakohoa, akasogeza kiti.

Vijiti vilipofunguliwa baada ya siku arobaini, kidole kilikuwa kimepinda kama ndoana. Kingeweza kushika kikombe. Kuvuta uzi wa sitar kisingeweza tena.

Miezi ikapita. Kudsia alipokwenda sokoni na Anjum alipokuwa shule, Naki alifunga mlango, akachukua sitar, akajaribu kuutafuta ule mvuto. Alijiambia anataka tu kujua mtoto aliufanyaje. Ulimchukua mwaka mzima. Siku alipoupata aliweka sitar chini, akajifunika uso kwa mikono miwili.

Kisha akaenda nao redioni, na mara hii hawakumrudisha.

Hivyo ndivyo Naki Khan alivyopanda. Lucknow ikamjua, kisha Banaras, kisha Kalkuta, ambako watu walikaa chini kwenye mazulia tangu asubuhi kumngojea. Sahani za santuri zikatoka na picha yake. Wanaojua muziki wakaandika magazetini kwamba katika mkono wa Khan Saheb kuna sauti inayosita mlangoni, na kwamba hakuna aliyeweza kuiiga. Wakaipa jina: mvuto wa Naki. Wanafunzi walikuja kutoka mbali kuutafuta. Kila ulipofika mahali pake watu ukumbini waliachia pumzi kwa pamoja, “Aah,” na wazee wengine wakalia bila kuona haya.

Na Anjum? Anjum alifungua kibanda cha ufundi mwisho wa mtaa. Chini ya nyuzi za sitar kuna kidaraja cha mfupa, na uso wa kidaraja hicho ndio unaoipa sitar mlio wake. Ukiusugua kupita kiasi kwa unene wa unyoya, sitar inaziba kama mtu mwenye mafua. Kazi hiyo inaitwa jawari. Haihitaji vidole kumi, inahitaji sikio, na sikio la Anjum lilikuwa halina mfano. Wapigaji wakubwa walimletea sitar zao kutoka Delhi na Gwalior, naye aliwapokea kwa utani.

“Bwana, hii ulikuwa unapigia muziki au unapikia?”

“Fanya kazi yako, Anjum Bhai.”

“Naifanya. Lakini ukiendelea kumtesa hivi, ataomba talaka.”

Alioa, akapata mabinti wawili, akawasomesha. Wala hakuwahi kukosa kazi moja: kabla ya kila onyesho la baba yake alikuja nyumbani na tupa yake, akakaa sakafuni, akasugua kidaraja, akazipanga nyuzi moja baada ya nyingine. Alizijaribu zikiwa wazi tu. Hakuvuta hata mmoja. Akimaliza alisema, “Tayari, Abba,” na Naki alijibu, “Mungu akuweke.” Miaka yote hiyo mazungumzo yao makubwa yalikuwa hayo.

Mwaka 1999, Naki akiwa na miaka sabini na mitatu, watu wa mji waliamua kumtunukia heshima. Waliandaa hafla ya mchana katika ukumbi mmoja wa Hazratganj, wakapamba jukwaa kwa maua ya njano, wakamvika shali. Mbele kabisa walikaa Kudsia na Anjum. Nyuma ya jukwaa alikuwa Vasudha, mwanafunzi wake wa mwisho na bora kuliko wote, amekumbatia sitar ya mwalimu wake ili isipate baridi.

Mshereheshaji alikuwa wakili mnene, mpenda kuchekesha.

“Mabibi na mabwana,” alisema, “nyumba hii imetoa wapigaji vizazi vitatu. Mngetaka kujua cha nne kiko wapi? Kile pale, safu ya mbele! Mheshimiwa Anjum aliambiwa achague kati ya sitar na tiara, akachagua tiara! Paa likamjibu!”

Ukumbi ulicheka. Kudsia alitikisa kichwa kwa aibu ya mama ambaye mwanawe ametajwa hadharani. Anjum naye alicheka, akainua ule mkono wa kushoto, akautikisa hewani ili watu wote wauone. Watu wakacheka zaidi, wakapiga makofi.

Naki aliukuta mwili wake umesimama. Shali ilidondoka. Alikivuta kipaza sauti karibu.

“Hakuanguka,” alisema.

Watu walidhani ni utani mwingine.

“Mwanangu hakuanguka. Mimi ndiye niliyekivunja kidole chake. Nilimpiga na kisanduku cha tambuu, kwa hasira, tukiwa mazoezini. Alimdanganya mama yake ili kunifichia, na mimi nikanyamaza. Nimenyamaza mpaka leo.”

Mtu wa mwisho kuacha kucheka alikuwa kijana mmoja nyuma kabisa. Naki alimtazama mwanawe. Alitarajia, sijui alitarajia nini. Labda machozi, labda Anjum apande jukwaani. Anjum alikuwa bado ameinua mkono. Akaushusha polepole, akauficha chini ya koti, akanyanyuka, akatoka nje kwa mlango wa pembeni.

Kudsia alibaki kwenye kiti chake. Midomo yake ilikuwa inacheza kama mtu anayehesabu jambo.

Nyumbani alimsubiri mumewe amalize kuvua viatu.

“Nilizichoma tiara zake,” alisema.

“Kudsia…”

“Nilizichoma, na yeye amesimama pale na mkono umefungwa. Mwezi mzima nilimwita mpumbavu. Kila Idi, watoto wakirusha tiara, mimi nilimwambia, tazama, tazama kilichokuharibia maisha. Naye akasema, ndiyo, Ammi. Na wewe ulikuwa umekaa pale, Baba Anjum. Ulikuwa unakunywa chai.”

“Nisamehe.”

“Wewe utamwomba Mungu msamaha, atakupa au atakunyima, ni juu yake. Mimi nitamwambia nini mwanangu?”

Alifunga nguo zake kwenye shuka, pamoja na msahafu na miwani, akashuka ngazi akijishikilia ukutani, kwa sababu magoti yalikuwa yanamsumbua. Naki alitaka kumshika mkono. Kudsia akamtazama kwa namna iliyomfanya aurudishe mkono wake. Mwanamke yule wa miaka karibu sabini alivuka mtaa mzima na bunda kichwani, akaingia kwa Anjum, na hakurudi tena.

Wiki mbili baadaye Naki alikwenda kwenye kibanda. Anjum alikuwa ameinamia kidaraja cha mtu. Hakuacha kazi.

“Karibu, Abba. Kaa hapo, kiti hicho kina mguu mbovu, usiegemee.”

Naki alikaa. Vumbi la mfupa lilikuwa limetanda kila mahali, jeupe kama unga.

“Mama yako hajambo?”

“Hajambo. Analia. Analia akipika, analia akisali. Juzi kanishika mkono huu akaubusu mbele ya wanangu, nikatamani ardhi ipasuke.” Anjum alipuliza vumbi. “Abba, nani alikuomba useme?”

“Nilishindwa, mwanangu. Walikuwa wanakucheka.”

“Walikuwa wananicheka tangu nina miaka kumi na mitatu! Nilizoea. Uongo ule niliutunga mwenyewe, nikaulea mwenyewe. Ulikuwa wangu. Wewe ulikuja ukauchukua ili ulale usingizi.”

Naki aliinamisha kichwa. Nje, mtu wa punda alikuwa anagombana na muuza mboga, wakaachana.

“Na hata hivyo,” Anjum alisema, sauti yake ikiwa chini, “umewaambia nusu.”

“Nusu gani?”

“Abba.”

Jina lile alilisema kwa upole, kama mtu anayemzuia mtoto asijikate, na upole ule ndio uliomvunja mzee.

“Hukukosea siku ile,” alisema. “Hukukosea hata kidogo. Ilikuwa nzuri kuliko chochote nilichowahi kupiga mimi, na baba yangu, na babu yangu. Ndiyo maana nilikupiga.”

“Najua.”

“Tangu lini?”

“Nilikuwa na miaka kumi na mitano. Ammi aliwasha redio jikoni, akaniita, njoo umsikilize baba yako. Nikasikia uzi unapanda, ukasita, ukarudi.” Anjum aliweka tupa chini. Kwa mara ya kwanza alimtazama baba yake machoni. “Mwanzo nilifurahi, unajua? Wallahi nilifurahi. Nikasema, Abba ameupenda. Nikangoja urudi nyumbani uniambie, Anju, ulikuwa wako. Ungeniambia hivyo mara moja tu, chumbani, mlango umefungwa, ningekusamehe kidole na mkono mzima.”

Naki alilia. Alilia kama wazee wanavyolia, bila sauti, pua ikichuruzika kwenye ndevu. Anjum hakumsogelea wala hakumfukuza. Alimpa kitambaa cha kufutia varnishi, kilichokuwa karibu.

“Nitawaambia,” mzee alisema. “Nitakwenda redioni. Magazetini. Nitawaambia ni wako.”

“Usithubutu. Unataka Ammi aamke asubuhi asikie na hilo?”

“Basi niambie nifanye nini. Chochote.”

Anjum aligeuza kile kidaraja mkononi, upande huu na upande ule.

“Usiupige tena,” alisema. “Ni hilo tu. Vasudha alishauchukua, hana kosa, mwache. Lakini wewe usiupige.”

Naki Khan alikuwa na maonyesho matatu yaliyokwisha kutangazwa. La kwanza lilikuwa Banaras. Alipiga raga ileile, na uzi ulipofika mahali pake, ukumbi mzima ukavuta pumzi na kungoja. Uzi ukaenda moja kwa moja. Watu walitazamana. Walidhani amekosea, wakangoja tena, na tena akapita moja kwa moja, safi na mkavu, kama siku aliporudishwa redioni. Magazeti yaliandika kwa heshima kwamba umri haumwachi mtu. La pili, Kalkuta, waliliahirisha, kisha hawakupiga simu tena.

Vasudha alikuja nyumbani kwake na magazeti, amekasirika.

“Guruji, mbona unajifanyia hivi? Mimi nakusikia ukifundisha. Mkono wako hauna ugonjwa wowote!”

“Hauna.”

“Basi piga! Upige ule mvuto wako wanyamaze!”

“Si wangu, binti yangu,” Naki alisema, na alipoona anataka kuuliza, akamwambia achukue sitar waanze somo.

La tatu lilikuwa hapohapo Lucknow, katika ukumbi mdogo wa shule ya muziki, mchana wa Jumapili. Walikuja watu arobaini hivi, na kabla hajamaliza sehemu ya kwanza walibaki ishirini. Alipiga yote aliyofundishwa na baba yake, hakuruka kitu. Mikono ilimuuma. Mara mbili alihisi kidole kinataka kusita chini ya ile sauti ya tano, kimezoea, ni miaka karibu arobaini, na mara mbili alikisukuma mbele. Makofi yalikuwa machache. Alikunja shali yake mwenyewe, akapanda riksho na sitar mapajani, akarudi kwenye nyumba tupu.

Aliishi hivyo, akifundisha asubuhi na kukaa barazani mchana. Naki alimwona Kudsia mara mbili, kwenye harusi za wajukuu, upande wa wanawake, kwa mbali. Kudsia hakumsalimia. Ila kila adhuhuri, tangu wiki ile mkewe alipoondoka, mtoto wa jirani alimletea mzee chombo cha bati chenye ghorofa tatu: wali, dengu, na nyama iliyopikwa laini kwa ajili ya meno yake. Hapakuwa na salamu ndani yake wala maneno. Naki alikula, akaosha chombo, akakirudisha.

Siku moja ya Novemba aliyepanda ngazi na chombo hakuwa mtoto wa jirani. Alikuwa Anjum, nywele zake zimekuwa nyeupe upande mmoja. Aliweka chakula mbele ya baba yake, akavua viatu, akaichukua sitar ukutani. Akagonga uzi mmoja kwa ukucha.

“Kidaraja kimekwisha,” alisema. “Umekuwa ukipigia hiki?”

“Kinatosha kufundishia.”

“Hakitoshi. Kula, kinapoa.”

Naki alikula. Anjum alikaa sakafuni, akatoa tupa mfukoni, akasugua, akapuliza, akasikiliza, akasugua tena. Jua la baridi lilihama kutoka kwenye mkeka likapanda ukutani. Kazi ilipokwisha Anjum alipanga nyuzi zote, za juu na za chini, akazigonga zikiwa wazi moja baada ya nyingine mpaka chumba kikajaa mlio, akairudisha sitar mahali pake.

Akachukua chombo kitupu, akavaa viatu mlangoni.

“Ammi anauliza kama nyama ilizidi chumvi.”

“Mwambie ilikuwa sawa,” Naki alisema. “Mwambie… mwambie ilikuwa sawa.”

“Nitamwambia.”

Mzee alimsikiliza akishuka ngazi, hatua kwa hatua, kisha mlango wa chini, kisha kelele za mtaani zikammeza. Alikaa pale mpaka jua likaondoka chumbani. Sitar ilikuwa ukutani, imepangwa vizuri kuliko ilivyowahi kupangwa, na hakuigusa.